Kuunganisha Printa Isiyotumia Waya na Kishikwambi Nyumbani: Mambo ya Kujua Kabla na Baada ya Kununua



Kishikwambi si chombo cha mjini peke yake tena. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani wa sensa viligawiwa kwa walimu wa shule za umma, na kwa njia hiyo chombo hiki kilifika katika vijiji vingi vya nchi yetu. Kazi nyingi zilizokuwa zikifanywa kwa kalamu sasa huandikwa humo: mitihani ya majaribio, mihtasari ya vikao vya vikundi vya kuweka na kukopa, barua za maombi ya kazi, orodha za wanachama wa ushirika. Hata hivyo, nyaraka hizo bado hudaiwa zikiwa karatasi, na hapo ndipo gharama inapoanza.

Kate ni kata ya Wilaya ya Nkasi, mkoani Rukwa, katika uwanda wa juu wa Ufipa. Mkazi wake asiyepata huduma ya kuchapa jirani hulazimika kupanda gari hadi Namanyere, makao makuu ya wilaya, au Sumbawanga, makao makuu ya mkoa. Kwa karatasi mbili tu hulipa nauli ya kwenda na kurudi na kupoteza siku nzima ya kazi. Si ajabu, basi, kwamba familia nyingi zinafikiria kununua printa ndogo ya nyumbani, ambayo wengine huiita kichapishi, na kuiunganisha na kishikwambi bila waya.

Tumchukue kwa mfano mwalimu wa Kate aliyejiwekea akiba miezi kadhaa, akaenda Sumbawanga na kununua printa ambayo boksi lake lilieleza kuwa haitumii waya. Amefika nyumbani, ameichomeka kwenye umeme, ameweka karatasi. Kishikwambi kinamjibu kwamba hakuna printa iliyoonekana. Jirani anamwambia kuwa kinachokosekana ni bando. Ananunua bando la siku. Hali ni ile ile. Ananunua la wiki, hakuna kilichobadilika. Mwisho anarudi mjini na boksi mkononi, na muuzaji anamweleza kuwa printa ni nzima. Muuzaji amesema kweli, na mwalimu naye hakukosea kulalamika. Kilichokosekana ni maelezo mafupi ambayo yangepaswa kutolewa kabla fedha hazijabadilisha mikono.

Makala haya yanakusudia kutoa maelezo hayo.

MAWIMBI NA INTANETI NI VITU VIWILI

Jambo la kwanza, na kubwa kuliko yote, ni hili: kuchapa bila waya nyumbani hakuhitaji intaneti, na hakuli bando.

Wi-Fi ni njia ya vifaa vilivyo karibu kupelekeana taarifa kwa mawimbi ya redio. Kiwango chake cha kwanza cha kimataifa kilitolewa mwaka 1997. Intaneti ni mtandao wa dunia nzima, ambao hukufikia kupitia mnara wa kampuni ya simu au waya wa mtoa huduma. Wi-Fi inaweza kuibeba intaneti, lakini inaweza pia kufanya kazi yenyewe bila intaneti yoyote. Mfano wake ni ndoo na maji: ndoo huteka maji, lakini pia hubeba mahindi, na hakuna anayesema ndoo imeharibika kwa kuwa bomba limekauka.

Kishikwambi chako kinapoituma barua kwenye printa iliyo mezani, barua hiyo husafiri mita mbili au tatu ndani ya chumba. Haiendi Dar es Salaam wala ng'ambo kisha ikarudi. Sharti lake ni moja tu: kishikwambi na printa viwe ndani ya mtandao mmoja wa Wi-Fi, yaani vyote viwe vimejiunga na jina moja la mtandao. Visipokuwa katika mtandao mmoja, hata ukiwa na bando la mwezi mzima, havitaonana.

Zipo njia tatu za kuvikutanisha.

Njia ya kwanza ni ruta. Nyumba yenye ruta, iwe ya laini ya simu au ya waya, ina mtandao wake tayari. Printa hujiunga na ruta, kishikwambi hujiunga na ruta hiyo hiyo, na kazi huanza. Bando la ruta likiisha, uchapaji huendelea, mradi ruta ina umeme.

Njia ya pili ni ya moja kwa moja, iitwayo Wi-Fi Direct, ambayo vifaa vya kwanza vya kuitumia vilithibitishwa mwaka 2010. Hapa printa yenyewe hutangaza mtandao wake mdogo, na kishikwambi hujiunga nao bila kuhitaji kifaa cha tatu. Hii ndiyo njia inayofaa zaidi nyumba isiyo na ruta. Kasoro yake ni ndogo: wakati umejiunga na printa, kishikwambi hakipati intaneti kupitia Wi-Fi nyingine.

Njia ya tatu ni mtandaopepe wa simu, ambao wengi huuita hotspoti. Simu moja huwashwa mtandaopepe ikawa kama ruta. Printa na kishikwambi vyote hujiunga nayo. Kuchapa kwa njia hii nako hakuli bando. Lakini tahadhari: kishikwambi kikishajiunga na simu kinaweza kuanza kupakua masasisho ya programu kimyakimya, na hayo hula bando. Kwa sababu hiyo, zima data ya simu kabla ya kuwasha mtandaopepe. Simu nyingi huruhusu mtandaopepe kuwaka hata data ikiwa imezimwa.

KABLA YA KULIPA

Mtumiaji wa mjini akikosea hurudi dukani jioni ile ile. Mtumiaji wa Kate hulipia kosa hilo kwa nauli. Kwa hiyo ukaguzi wa dukani ni sehemu ya bei. Tunashauri uzingatie mambo yafuatayo.

1. Nenda na kishikwambi chako. Usiridhike na jibu kwamba printa "inakubali vifaa vyote". Mwombe muuzaji aichomeke, aijaze karatasi, kisha uchape ukurasa mmoja kutoka kwenye kishikwambi chako kwa njia ile utakayoitumia nyumbani. Kama nyumbani huna ruta, jaribio lililofanywa kwa ruta ya duka halikuhusu. Omba lifanywe kwa njia ya moja kwa moja au kwa mtandaopepe wa simu yako.

2. Fahamu mfumo wa kishikwambi chako. Vishikwambi vya Android vilipata mfumo wa kuchapa kuanzia toleo la 4.4, lililotoka mwaka 2013. Mwaka huo huo watengenezaji kadhaa wa printa walianzisha umoja uitwao Mopria, ili kishikwambi kiweze kuchapa kwenye printa za kampuni tofauti bila programu nyingi. Vishikwambi vya iPad hutumia mfumo uitwao AirPrint, ulioanza mwaka 2010. Tafuta jina Mopria au AirPrint kwenye boksi kulingana na kishikwambi ulicho nacho.

3. Usihesabu huduma iliyokwisha kufungwa. Baadhi ya printa za zamani, hasa zilizotumika, bado zina maandishi ya Google Cloud Print. Huduma hiyo ilifungwa tarehe 31 Desemba 2020. Printa inayotegemea njia hiyo peke yake haitakusaidia.

4. Uliza kama printa inadai intaneti. Tumesema kuwa uchapaji wenyewe hauhitaji intaneti. Hata hivyo, printa nyingine huhitaji intaneti siku ya kwanza ili kupakua programu ya mtengenezaji, na nyingine huuzwa kwa sharti kwamba zibaki zimeunganishwa na intaneti wakati wote na zitumie wino wa mtengenezaji pekee. Anayeishi mahali ambapo mtandao wa simu unasumbua asikubali sharti hilo bila kulielewa. Ikiwa ni maandalizi ya siku ya kwanza tu, yafanye ukiwa bado dukani.

5. Soma alama ya umeme. Umeme wetu ni wa volti 230. Printa zilizoingizwa kutoka nchi zinazotumia volti 100 au 120 zinaweza kuungua zikichomekwa moja kwa moja. Alama hiyo huandikwa nyuma au chini ya printa, au kwenye kichwa cha waya wake.

6. Pima printa na chanzo chako cha umeme. Anayetumia sola ajue kuwa printa ya leza, yaani ile inayotumia unga uitwao tona, huchoma unga huo kwenye karatasi kwa joto. Inapopasha moto huvuta wati mia kadhaa, na nyingine hupita elfu moja. Inveta ndogo itazima au kuharibika. Printa ya wino wa maji hutumia wati chache zaidi, kwa kawaida makumi machache, na ndiyo inayofaa sola ya nyumbani.

7. Kama unanunua na kishikwambi cha laini, kihakiki. Tafuta namba yake ya IMEI kwa kubonyeza *#06# au katika sehemu ya Mipangilio inayoeleza habari za kifaa, kisha uitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Juni 2016 simu na vifaa bandia vilizimwa katika mitandao yote nchini, na aliyenunua bila kuhakiki ndiye aliyebeba hasara.

BEI YA PRINTA NA BEI YA UKURASA

Printa ya bei nafuu huweza kuwa ghali kuliko zote. Watengenezaji wengi huuza printa ndogo kwa bei ya chini na kupata faida yao katika wino. Aidha, katriji zinazokuja ndani ya boksi jipya mara nyingi huwa na wino pungufu kuliko zile zinazouzwa peke yake.

Hesabu ya kufanya ni rahisi. Boksi la katriji huonyesha idadi ya kurasa zinazotarajiwa. Gawa bei ya katriji kwa idadi hiyo. Tuseme katriji inauzwa shilingi 40,000 na inakadiriwa kuchapa kurasa 160: wino wa ukurasa mmoja ni shilingi 250, kabla ya kuhesabu karatasi. Tuseme tena chupa ya wino wa printa ya tangi ni shilingi 40,000 na inachapa kurasa 4,000: ukurasa mmoja ni shilingi 10. Bei hizi ni za mfano tu. Weka za dukani mahali pake. Kisha linganisha na malipo ya steshenari pamoja na nauli. Anayechapa kurasa tano kwa mwezi huenda akaona kuwa hana haja ya printa. Anayechapa mitihani ya darasa zima ataona kuwa printa ya tangi, ingawa ni ghali siku ya kwanza, humrudishia fedha zake.

Uliza pia wino huo unapatikana wapi. Printa ambayo wino wake hauuzwi Sumbawanga wala Namanyere itageuka pambo la mezani mara wino wa kwanza utakapokwisha.

HATUA ZA KUUNGANISHA

Maneno yanayoonekana kwenye kioo hutofautiana kidogo kwa kila aina ya kifaa. Usipoliona neno tulilolitaja, tumia kisanduku cha kutafuta kilicho juu ya Mipangilio.

Ukitumia njia ya moja kwa moja:

Kwanza, washa printa na usubiri itulie. Ondoa karatasi na gundi zote za kufungia, weka wino na karatasi.

Pili, chapa ukurasa wa taarifa za mtandao. Printa nyingi hufanya hivyo unapobonyeza au kushikilia kitufe chenye alama ya taarifa au ya mawimbi. Kijitabu cha printa kitakuonyesha. Ukurasa huo una jina la mtandao wa printa na nenosiri lake. Uhifadhi pamoja na risiti.

Tatu, katika kishikwambi fungua Mipangilio, kisha Wi-Fi. Katika orodha ya mitandao chagua jina la printa na uandike nenosiri. Kishikwambi kikikuonya kwamba mtandao huu hauna intaneti na kuuliza kama ubaki nao, kubali kubaki. Hapa ndipo wengi hukosea: huliona onyo hilo, wakadhani kuna ubaya, wakajitoa.

Nne, fungua waraka wako, bonyeza menyu, kisha Chapisha. Chagua jina la printa, idadi ya nakala na ukubwa wa karatasi, ambao kwetu ni A4. Ukiacha ukubwa wa karatasi za Marekani, maandishi ya pembeni yanaweza kukatika.

Ukitumia ruta au mtandaopepe wa simu:

Kwanza, washa ruta au mtandaopepe. Andika pembeni jina la mtandao na nenosiri kama yalivyo, kwa kuzingatia herufi kubwa na ndogo.

Pili, iingize printa katika mtandao huo. Printa yenye kioo hukuruhusu kuchagua jina la mtandao na kuandika nenosiri. Printa isiyo na kioo huingizwa kwa programu ya mtengenezaji iliyo kwenye kishikwambi. Kama ruta ina kitufe kilichoandikwa WPS, unaweza kukibonyeza na, ndani ya dakika mbili, kubonyeza kitufe cha Wi-Fi cha printa; vitatambuana bila nenosiri.

Tatu, angalia taa ya mawimbi ya printa. Kwa printa nyingi, taa inayopepesa maana yake printa bado inatafuta mtandao, ikitulia, imejiunga.

Nne, jiunge na mtandao huo huo kwa kishikwambi, kisha chapa kama tulivyoeleza hapo juu.

PRINTA ISIPOONEKANA

Kabla ya kununua bando na kabla ya kupanda gari, pitia orodha hii kwa utaratibu.

Je, majina ya mtandao yanalingana? Fungua Wi-Fi kwenye kishikwambi usome jina ulilojiunga nalo; chapa tena ukurasa wa taarifa za printa usome jina lake. Majina hayo yakitofautiana hata kwa herufi moja, umepata jibu.

Je, ruta au simu inatumia bendi inayofaa? Wi-Fi husafiri katika bendi za gigahezi 2.4 na 5. Printa nyingi za nyumbani husikia ile ya 2.4 peke yake. Katika mipangilio ya mtandaopepe wa simu, chagua bendi ya 2.4, kisha washa upya.

Je, umejiunga na mtandao wa wageni? Baadhi ya ruta zina mtandao wa pili kwa ajili ya wageni, ambao kwa makusudi huzuia vifaa visionane.

Je, kishikwambi kinatumia VPN? Izime kwanza, kwani huweza kuificha printa.

Je, umeiruhusu programu ya kuchapa kutambua vifaa vilivyo karibu au mahali ulipo? Katika Android ruhusa hiyo huhitajika ili kuitafuta printa. Pia fungua Mipangilio, kisha Uchapishaji, na hakikisha huduma ya kuchapa imewashwa.

Je, kuna kazi ya zamani iliyokwama kwenye foleni? Ifute, kisha zima printa, ruta na kishikwambi. Washa ruta kwanza, printa ya pili, kishikwambi mwisho.

Yote yakishindikana, uliza kama kishikwambi chako na printa yako vinakubali waya wa USB. Vishikwambi vingi vya Android vinaweza kuunganishwa na printa kwa waya na kiunganishi kidogo, ingawa huenda ukahitaji programu ya mtengenezaji. Kuwa na waya si aibu. Waraka unaohitajika kesho asubuhi hauulizi umepita wapi.

KUITUNZA PRINTA UFIPA

Miezi ya mvua katika uwanda wa Ufipa huja na radi. Mawingu yanapokusanyika, chomoa printa na ruta kwenye soketi. Kuzima kwa kitufe hakutoshi. Lakini katika siku za kawaida zima kwa kitufe kwanza, ndipo uchomoe. Printa ya wino inapozimwa kwa kitufe hufunika midomo yake ya kutolea wino. Ikikatiwa umeme ghafla hubaki wazi na wino hukauka. Kwa sababu hiyo hiyo, angalia salio la LUKU kabla ya kuanza kazi ndefu.

Chapa ukurasa mmoja wenye rangi zote angalau kila baada ya wiki moja au mbili, ili wino usigande. Wakati wa kiangazi funika printa kwa kitambaa safi, kwani vumbi likiingia kwenye magurudumu ya kuvutia karatasi, karatasi zitakwama.

SIRI YA WARAKA WAKO

Faida ya kuchapa nyumbani si nauli peke yake. Anayetuma kitambulisho cha Taifa, cheti cha kuzaliwa au mtihani wa wanafunzi kwenye simu ya mtu asiyemfahamu ili amchapie, huacha nakala mikononi mwake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawabana wanaokusanya taarifa za watu wazilinde. Lakini mlinzi wa kwanza wa taarifa zako ni wewe. Ukichapisha kwa mtu, omba afute nakala mbele yako.

Nyumbani nako kuna tahadhari. Baadhi ya printa hutoka kiwandani na nenosiri jepesi, kama vile tarakimu zinazofuatana. Libadilishe, la sivyo jirani ataweza kutumia wino wako. Usiiache printa na mtandao usio na nenosiri. Na kama kishikwambi ni mali ya mwajiri, fuata masharti yake kabla ya kuweka programu mpya.

HAKI YAKO UKIUZIWA KISICHOFAA

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha au kumdanganya mtumiaji. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, nayo inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji kazi anayotaka bidhaa iifanye na kutegemea ujuzi wake. Kinga hiyo hudhoofika pale mnunuzi anapotaja jina la bidhaa tu na kulipa. Kwa hiyo usiingie dukani na kusema, "Nipe printa ile." Sema kazi: "Nataka printa itakayochapa kutoka kwenye kishikwambi hiki, nyumba haina ruta." Kisha omba maneno hayo yaandikwe kwenye risiti au kwenye karatasi ya dhamana na yatiwe saini.

Dai risiti ya mashine ya EFD. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Soma dhamana: ni ya muda gani, inatolewa na duka au mtengenezaji, na nani atalipia usafiri wa kuipeleka printa kwenye matengenezo. Hifadhi boksi na vifungashio vyake hadi muda wa kurudisha bidhaa upite.

Tatizo likitokea, anza na muuzaji. Mpe maelezo ya maandishi pamoja na nakala ya risiti na ule ukurasa wa taarifa za printa, na ubaki na nakala yako. Asipokusikiliza, peleka lalamiko lako Tume ya Ushindani. Iwapo lalamiko linahusu bando au huduma ya mtandao wa simu, anza na kampuni inayokuhudumia. Usiporidhika, liwasilishe Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambayo ofisi yake ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini iko Mbeya.

KWA UFUPI

Kuchapa bila waya nyumbani hakuhitaji bando. Kunahitaji printa na kishikwambi viwe katika mtandao mmoja. Nenda dukani na kishikwambi chako, jaribu kwa njia utakayoitumia nyumbani, gawa bei ya wino kwa idadi ya kurasa, na usiondoke bila risiti inayotaja kazi uliyoinunulia printa. Kuuliza si ujinga. Swali la dakika tano kwenye meza ya muuzaji Sumbawanga linaweza kuokoa nauli ya safari nzima ya kutoka Kate na kurudi.